Kwenda thieta St. Petersburg: maswali tunayoulizwa kila msimu

Kila Septemba, wanafunzi wapya wakishatua na kupata vitanda bwenini, maswali haya huanza kumiminika. Desemba huongezeka, maana ndugu walioko Ulaya na Ghuba wanataka kuja kutazama baleti wakati wa sikukuu. Tumeyajibu jinsi yanavyokuja. Yanahusu St. Petersburg ya Urusi peke yake, mji ambao wenyeji wanauita Piter. Moscow ina mambo yake.

Mimi si mtu wa sanaa. Kuna haja gani ya kwenda?

Hakuna anayekulazimisha. Ila ujue kwamba huku thieta si starehe ya wenye nazo. Ukikaa roshani ya juu kabisa utamkuta kushoto mwalimu mstaafu, kulia kijana wa chuo cha reli, na mbele yao mama aliyetoka kazini na mfuko wa manunuzi. Wanajua waigizaji kwa majina, wanajua nani alicheza nafasi hiyo kabla ya huyu wa sasa, na wana maoni makali juu ya wote wawili.

Halafu kuna hali ya hewa. Mwishoni mwa Desemba jua hapa halifikishi saa sita juu ya upeo wa macho. Msimu wa thieta unaanza Septemba na kwisha Juni au Julai, yaani unafunika kipindi chote cha giza. Kila anayekaa hapa hutafuta pa kukimbilia: wapo wanaoshinda gym, wapo wanaolala. Sisi tunapendekeza thieta.

Zipo nyingi mno. Nianzie wapi?

Wengi hukimbilia Mariinsky kwa sababu ndilo jina walilowahi kulisikia. Si vibaya. Jengo la zamani lilifunguliwa mwaka 1860, ukumbi wake ni wa buluu na dhahabu, na hapo ndipo zilipooneshwa kwa mara ya kwanza baleti za Tchaikovsky ambazo dunia nzima inazicheza mpaka leo: ile ya mrembo aliyelala mwaka 1890 na ile ya Krismasi ya mvunja kokwa mwaka 1892. Angalia tiketi yako kwa makini. Tangu 2013 kuna Mariinsky ya pili, jengo jipya ng'ambo ya mfereji, na tangu 2006 kuna ukumbi wa muziki mtaa wa jirani. Kila mwaka kuna mtu anayefika jengo la zamani akiwa na tiketi ya jengo jipya, anahema, zimebaki dakika nne.

Kwa tamthilia, kuna Alexandrinsky iliyoko nyuma ya bustani ya Catherine kando ya Nevsky Prospekt. Kikundi chake kinahesabu umri kuanzia amri ya Malkia Elizabeth wa Urusi ya mwaka 1756, na jengo la sasa, kazi ya Carlo Rossi, ni la 1832. Ukitoka, zunguka nyuma uone mtaa unaobeba jina la Rossi: urefu mita 220, upana mita 22, na majumba ya pande zote mbili yana kimo cha mita 22. Chuo cha baleti cha Vaganova kiko mtaa huohuo. Ukisimama pale mchana utawaona mabinti wembamba wakipita na nywele zimefungwa kisogoni, wanatembea vidole vya miguu vikitazama nje hata wakiwa na viatu vya theluji.

Kisha kuna BDT, yaani Thieta Kubwa ya Tamthilia, kwenye mto Fontanka, iliyoanzishwa 1919 na kupata sifa yake kubwa chini ya mwongozaji Georgy Tovstonogov, aliyeishika tangu 1956 hadi alipofariki 1989. Na kuna Maly ya mwongozaji Lev Dodin, mtaa wa Rubinstein, ukumbi mdogo usio na dhahabu wala vinara. Ukiniuliza mimi, anayetaka kujua waigizaji wa mji huu wanaweza nini aanzie hapo. Umekaa karibu kiasi kwamba unaona mshipa wa shingo ukicheza.

Mariinsky, Alexandrinsky, Mikhailovsky: mbona majina yanafanana?

Ni majina ya familia ya kifalme. Maria alikuwa mke wa Alexander II, Alexandra mke wa Nicholas I, Mikhail ndugu yake Nicholas. Wakati wa Wasovieti yalibadilishwa (Mariinsky iliitwa Kirov kuanzia 1935), na baada ya Usovieti kuanguka yakarudi. Wazee wengine bado wanasema Kirov.

Ratiba inaonesha tamthilia moja tarehe 3, kisha tarehe 24. Katikati hawafanyi kazi?

Wanafanya kazi kila siku, ila kila siku na kitu kingine. Thieta nyingi za huku zina kikundi cha kudumu: waigizaji wameajiriwa, wana mishahara, na wanabeba tamthilia kumi, ishirini au zaidi kwa wakati mmoja. Leo mtu ni mfalme, kesho mlevi wa kijijini, keshokutwa hana zamu. Mandhari ya jukwaa hubomolewa usiku na mengine kujengwa asubuhi. Onyesho likipendwa linaweza kukaa kwenye ratiba miaka ishirini, waigizaji wakizeeka nalo, na watazamaji nao wanarudi kuona limegeuka vipi.

Matokeo yake kwako: usiseme "nitakwenda wiki ijayo". Wiki ijayo halitakuwepo.

Tiketi nanunua wapi, na nitalipaje?

Nunua kwenye tovuti ya thieta yenyewe au dirisha la tiketi la jengo husika. Kuna tovuti nyingi zinazoiga majina ya thieta kubwa na kuuza kwa bei ya kuruka. Ukiona Mariinsky imeandikwa kwa herufi za ajabu kidogo kwenye anwani, funga.

Kadi za Visa na Mastercard zilizotolewa nje ya Urusi hazifanyi kazi nchini tangu Machi 2022. Mgeni wa muda mfupi aje na fedha taslimu aende dirishani, au amwombe mwenyeji amnunulie. Mwanafunzi mwenye kadi ya benki ya hapa hana shida.

Bei hutegemea kiti, siku na umaarufu. Baleti ya Desemba jengo la zamani ni ghali, na viti huisha mapema. Jumanne ya Februari, tamthilia isiyo mpya, roshani ya tatu: unaweza kupata kiti kwa bei ya chakula cha mchana. Thieta kadhaa zina punguzo la wanafunzi au tiketi za kuingia bila kiti, ambazo hutolewa karibu na muda wa kuanza. Uliza dirishani, na kitambulisho cha chuo kiwe mkononi.

Utawasikia wenzako wa Kirusi wakizungumzia kadi ya Pushkin, ambayo serikali hulipia vijana thieta na makumbusho. Ni ya raia wa Urusi wenye miaka 14 hadi 22. Sisi haituhusu.

Nikishindwa kwenda, fedha zinarudi?

Zinarudi kwa ngazi. Sheria iliyoanza Septemba 2019 inasema hivi: ukirudisha tiketi siku 10 au zaidi kabla ya onyesho, unapata zote. Kati ya siku 10 na 5, nusu. Kati ya 5 na 3, asilimia 30. Zikibaki chini ya siku 3 huna dai, isipokuwa una cheti cha ugonjwa au msiba wa karibu. Basi ukiwa na homa nenda kliniki upate karatasi.

Njia ya zamani ni kusimama mlangoni saa moja kabla na kumuuzia anayetafuta. Watafutaji huwa wapo, hasa siku za onyesho jipya. Wanakusogelea kwa sauti ya chini kuuliza kama una tiketi ya ziada, na wengi ni waungwana tu wapenda thieta. Walanguzi nao wapo, hao wanajulikana kwa simu mbili na haraka.

Nivae nini?

Vaa safi na nadhifu. Suti si lazima, na jinzi hazimfukuzishi mtu. Lakini wanawake wa Piter bado wanachukulia thieta kama mwaliko, na utaona jambo ambalo wageni hulishangaa: mama anaingia na mabuti ya theluji, anakaa benchi la chini, anatoa mfukoni viatu vya kisigino, anabadilisha, mabuti yanaingia mfukoni na mfuko unakabidhiwa pamoja na koti. Kitenge kilichoshonwa vizuri kinapendeza sana kwenye kumbi zile. Usishangae ukiombwa picha.

Ni kweli siwezi kuingia na koti langu?

Ni kweli, na usibishane. Koti la baridi linaachwa garderobu, chumba cha makoti kilicho chini, bila malipo. Kuna mambo mawili ya kujua. La kwanza, koti lako liwe na kitanzi imara ndani ya ukosi. Mama wa garderobu anapokea mamia ya makoti kwa nusu saa, na likikosa kitanzi atakuhubiria mbele ya foleni nzima. Shona nyumbani.

La pili ni darubini. Kwenye meza ya garderobu wanakodisha darubini ndogo za kutazamia jukwaa. Hata kama macho yako ni mazima na umekaa safu ya tatu, kodi. Kwa desturi ya thieta nyingi, anayerudisha darubini anapewa koti lake bila kupanga foleni. Onyesho likiisha na watu elfu moja wakashuka ngazi kwa pamoja, ndipo utaelewa kwa nini wazee wenye macho ya tai wote wana darubini.

Kengele zile ni za nini?

Hupigwa tatu. Ya kwanza inakuambia maliza kahawa, ya pili nenda ukumbini, ya tatu uwe umekaa. Baada ya hapo mlango unafungwa, na ukichelewa utapelekwa roshani ya juu hata kama tiketi yako ni ya mbele. Maonyesho mengi huanza saa 1 jioni (kwenye tiketi 19:00).

Unapopita kwenye safu ambayo watu wamekwisha kaa, pita ukiwatazama usoni, si kwa kuwapa mgongo. Wanasimama kidogo, unaomba radhi, unapita. Wahudumu wa ukumbini, wengi wao akina mama wa makamo na wazee, wanaangalia mambo haya. Simu ikiwaka gizani, kuna mmoja atakuja na tochi.

Maua: nampa nani, lini, na mangapi?

Hapa ndipo wetu hufurahi, kwa sababu ni jambo tunalolijua. Kwenye taarab mtu akikunwa na wimbo anainuka, anacheza taratibu hadi mbele, anamtunza mwimbaji. Huku wanatunza kwa maua, na muda wake ni mwishoni waigizaji wanapotoka kuinama. Kwenye kumbi za tamthilia unatembea hadi ukingo wa jukwaa, unanyoosha mkono, mwigizaji anainama kupokea na kukutazama machoni. Kwenye opera na baleti shimo la okestra linakuzuia, basi unampa mhudumu kabla ya onyesho au wakati wa mapumziko, na jina la unayemkusudia limeandikwa kwenye kikaratasi.

Idadi iwe witiri: moja, tatu, tano. Shufwa ni ya makaburini, na muuzaji mwenyewe atakuuliza ni ya wapi. Ua moja linatosha kabisa. Maduka ya maua yanayofanya kazi usiku na mchana yako kila kona, na hii peke yake inakueleza jambo kuhusu mji. Ushauri wangu: usimpe nyota, ataondoka na mashada kumi na tano hata hivyo. Mpe kijana aliyecheza mtumishi.

Nipige makofi lini?

Kwenye baleti, baada ya kila ngoma ya mtu mmoja au wawili. Kwenye opera, mwisho wa wimbo mkubwa. Kwenye tamthilia, mwigizaji mpendwa mara nyingi hupigiwa makofi kwa kuingia tu, kabla hajasema neno. Kwenye ukumbi wa Philharmonia, ambako ni muziki mtupu, subiri hadi kondakta ageuke, maana kipande kimoja kinaweza kuwa na sehemu nne na kimya cha katikati si mwisho.

Mwishoni makofi hugeuka ya pamoja, ukumbi mzima kwa mapigo mamoja, na pazia linafunguka tena na tena. Vigelegele? Nimevisikia mara moja Mariinsky ya pili, vilitoka roshani ya juu, na mchezaji aliinua uso akacheka. Hakuna aliyelalamika.

Wapo wanaokimbilia makoti pazia likigusa tu sakafu. Wenyeji huona ni utovu wa adabu, na nusu yao hufanya hivyo.

Mapumzikoni kuna chakula?

Kuna bafe: mkate wenye mayai mekundu ya samaki au samaki wa chumvi, keki, kahawa, mvinyo wa mapovu. Bei ya juu, foleni ndefu. Kula jioni kabla ya kuja, kisha kunywa chai. Ukumbini hakuliwi.

Sijui Kirusi. Nitaelewa?

Baleti haina maneno. Opera Mariinsky huwa na maandishi ya Kirusi na Kiingereza juu ya jukwaa. Tamthilia ni ngumu zaidi. Baadhi ya maonyesho yana maandishi ya Kiingereza, mengi hayana. Dawa yake ni kusoma kisa kabla, na kwa kuwa wanacheza sana Chekhov, Gogol na Shakespeare, visa vyenyewe havijifichi. Wanafunzi wengi wa mwaka wa maandalizi wanasema masikio yao yalifunguka thieta kuliko darasani, kwa sababu mwigizaji hatafuni maneno.

Mtu mweusi atapokewaje?

Utatazamwa, hasa na watoto, na mama wa mlangoni atauliza umetoka wapi. Mara nyingi ni udadisi. Barabarani mambo yanaweza kuwa tofauti usiku, kwa hiyo rudini kwa kundi.

Mji wenyewe hauna haki ya kushangaa. Mshairi Pushkin, ambaye sanamu na jina lake liko kila mahali, alikuwa kitukuu wa Abram Hannibal, Mwafrika aliyeletwa akiwa mtoto mbele ya Peter Mkuu akaja kuwa jenerali wa uhandisi. Na mwaka 1858 alifika hapa Ira Aldridge, Mmarekani mweusi mzaliwa wa New York ambaye kwao asingeruhusiwa kusimama kwenye jukwaa la maana. Alicheza Othello kwa Kiingereza huku kikundi kilichomzunguka kikimjibu kwa Kijerumani, mbele ya watazamaji Warusi, na wakamshangilia kwa nguvu. Mshairi na mchoraji Taras Shevchenko, aliyekuwa ndiyo kwanza ametoka uhamishoni, akawa rafiki yake na kumchora picha mwaka huohuo.

Nimesikia Chekhov alizomewa hapa. Kweli?

Kweli, Alexandrinsky, tarehe 17 Oktoba 1896 kwa kalenda ya zamani. Chanzo hakikuwa tamthilia yenyewe, Shakwe (Chaika), peke yake. Jioni ile ilikuwa ya heshima kwa mwigizaji wa vichekesho, Levkeyeva, na mashabiki wake walinunua tiketi waje wacheke. Badala yake pazia likafunguka, binti amevaa nyeupe, anasema maneno mazito juu ya roho ya ulimwengu. Binti huyo alikuwa Vera Komissarzhevskaya, mmoja wa waigizaji wakubwa wa zama zile. Watu wakaanza kucheka hata hivyo, kisha kuzomea. Chekhov aliacha kiti chake akajificha nyuma ya jukwaa, usiku akatembea mjini peke yake, kesho yake akaondoka na kuapa kutoandika tena tamthilia. Maonyesho yaliyofuata yalikwenda vizuri, lakini yeye hakuwepo. Miaka miwili baadaye Moscow wakaicheza upya na kuvuna sifa, na mpaka leo wa Moscow hawaachi kukumbusha.

Jukwaa hilohilo lina usiku mwingine ninaoupenda zaidi. Tarehe 25 Februari 1917 mwongozaji Vsevolod Meyerhold alizindua onyesho la kifahari alilokuwa akiliandaa kwa miaka kadhaa, mapazia ya mchoraji Golovin yakifuatana moja baada ya jingine, hariri na vinyago, huku nje mitaani risasi zikilia. Haikupita wiki, mfalme akajiuzulu. Onyesho lilibaki kwenye ratiba.

Wakati mji ulipozingirwa katika Vita vya Pili vya Dunia, thieta zilifungwa?

Nyingi zilihamishwa mbali na mji. Ile ya vichekesho vya muziki ilibaki, ikafanya kazi karibu mzingiro mzima, kuanzia 1941 hadi 1944. Jengo lake lilipoharibiwa ikahamia Alexandrinsky. Ukumbi haukuwa na joto: watazamaji walikaa na makoti, waigizaji walicheza na nguo nyepesi za jukwaani, mvuke ukiwatoka mdomoni wakiimba. Ving'ora vikilia watu walishuka mahandakini, hatari ikipita wakarudi na onyesho likaendelea pale lilipokatikia. Waigizaji walikufa njaa kama watu wengine wa mji. Ukisikia mzee wa huku anasema hawezi kukosa onyesho kwa sababu ya baridi, usimcheke.

Waigizaji wana miiko?

Wanayo tele. Karatasi za maneno yako zikidondoka, huziokoti kabla ya kuzikalia hapohapo sakafuni, hata ukiwa msanii wa taifa. Hakuna kutafuna mbegu za alizeti ndani ya jengo, eti zinafukuza watazamaji. Kumtakia mtu heri kwa uwazi ni mkosi, kwa hiyo wanamtakia akose mawindo, manyoya na mabawa, naye hujibu kwa kumtuma msemaji kwa shetani. Usiudhike ukijibiwa hivyo. Na onyesho la mwisho la msimu, waigizaji hufanyiana utani jukwaani bila watazamaji kujua: glasi ya maji inawekwa kitu kingine, barua ya kusoma kwa machozi imeandikwa upuuzi. Kaa mbele, utawaona wanavyojibana wasicheke.

Naweza kuja na mtoto?

Angalia alama ya umri kwenye tangazo: 0+, 6+, 12+ na kuendelea. Kuna thieta maalumu ya watoto na vijana, TYuZ, iliyoanzishwa na Alexander Bryantsev mwaka 1922, na thieta kubwa ya vikaragosi mtaa wa Nekrasov. Maonyesho ya mchana yamejaa watoto wenye tai na riboni. Wanafunzwa mapema.

Onyesho likiisha usiku nitarudije?

Tamthilia ndefu huisha saa 4 au 5 usiku. Milango ya metro hufungwa karibu na saa 6, kwa hiyo muda upo, ila kutoka Mariinsky hadi vituo vya Sadovaya na Sennaya ni mwendo wa takriban dakika 20, zaidi kwenye barafu.

Tatizo ni madaraja. Kuanzia Aprili hadi Novemba madaraja makubwa ya mto Neva hunyanyuliwa usiku kupitisha meli, na anayeishi kisiwa cha Vasilyevsky au upande wa kaskazini akishachelewa atabaki ng'ambo hadi karibu na alfajiri. Ratiba ya madaraja iko mtandaoni. Juni, wakati wa usiku mweupe usioingia giza na tamasha la Mariinsky lililoanza 1993, wengi hubaki ng'ambo kwa makusudi. Hapo chukua koti jepesi. Upepo wa mtoni haujui kwamba ni kiangazi.